Damu ya Arbia Ilikuwa ya Nani?

Ulijua. Usinikodolee macho, ulijua. Hata sasa unapoyasoma haya, kuna mwanamke mjamzito jirani yako. Juzi ulimwona ameegemea ukuta, midomo imepauka kama jivu la juzi, ukajisemea moyoni, hayo ni mambo ya wanawake, ukapita. Ulipita hivyo hivyo wakati wa vita, na leo hatuna vita, bado unapita.

Sisi ni watu wa kukumbuka. Muulize mzee yeyote wa huku akutajie ngamia wa babu yake aliyenyang'anywa, atakutajia kisima, rangi ya ngamia, na jina la aliyemnyang'anya. Muulize habari za waliopigwa risasi siku za vita vya shifta, waasi wa huku, atakutajia ukoo baada ya ukoo. Kisha muulize habari za wanawake waliokufa wakizaa miaka ile ile. Atakuna ndevu. Atasema ni qadar ya Mungu, chai iko wapi. Basi mmoja wao nitakukumbusha mimi, na hutaondoka mpaka nimalize.

Mwaka wa sitini na sita, baada ya mvua, kijiji kimoja kando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa, kilikuwa kimetulia asubuhi moja kama hakuna vita. Nasema kijiji, lakini hakuna aliyekijenga kwa hiari. Serikali iliwakusanya watu kutoka malishoni, ikawazungushia uzio wa miiba, ikaweka askari langoni, ikawaambia hapa ndipo mtakapokaa. Anayetaka kutoka aombe ruhusa. Anayeonekana nje bila ruhusa ni shifta, na shifta haulizwi maswali. Ndani ya uzio huo watu waliishi. Walikamua, walisali, walioana, walicheka. Ungetaka wafanye nini?

Mbele ya kibanda cha Mursal walikaa wanawake wawili wakisuka mikeka ya kuezekea. Mmoja alikuwa Sirad, dada yake Mursal, mjane. Mumewe alitoka kumtafuta ngamia aliyepotea na hadi leo hajarudi, yeye wala ngamia. Sirad alikuwa akiuza maziwa mjini kabla ya uzio, Kiswahili alikiokota huko sokoni, na wanaume wa ukoo walisema Mungu alimpa ulimi wake mwenyewe na akamwongezea wa mumewe. Wa pili alikuwa Arbia, mke wa Mursal, aliyeolewa kutoka Sangailu, ukoo mwingine kabisa. Tumbo lake lilikuwa kubwa, linakaribia mwezi wa nane.

"Wifi, huyu anapiga teke kama ngamia anayekataa mzigo," Arbia alisema.

"Amemrithi baba yake. Na yeye tangu utotoni hukataa mzigo."

Arbia akacheka mpaka mkono ukaacha kusuka. Akainuka aende kuchukua maji. Sirad alikuwa bado anacheka alipotazama mahali wifi yake alipokuwa ameketi. Mkeka ulikuwa mwekundu, wekundu mbichi, kama wa mbuzi aliyechinjwa sasa hivi.

"Arbia. Simama hapo. Unaumwa?"

"Siumwi." Alijitazama miguuni, sauti ikashuka. "Wallahi siumwi hata kidogo. Usipige kelele, abaayo, dada yangu, watanicheka."

Kabla ya adhuhuri damu ilikuwa imekatika yenyewe. Haikuacha homa wala uchungu. Arbia aliufua mkeka, akarudi kusuka.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, na lilianzia kwa mtu aliyempenda. Mursal alikuwa bingwa wa ngamia. Angemwekea ngamia jike mkono ubavuni akakwambia amebeba dume au jike, na mara nyingi akawa sahihi. Alimsikiliza dada yake huku akisugua meno kwa mswaki wa mti.

"Ngamia mwenye shida tumboni hulala chini," alisema. "Hukataa malisho. Hulia. Huyu amekula, amecheka, anasuka. Ugonjwa uko wapi?"

"Mkeo si ngamia, Mursal."

"Angekuwa ngamia ningemjua vizuri zaidi!"

Wanaume waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Usijitoe, na wewe ungecheka.

Na kula kwenyewe alikula nini? Desturi yetu unaijua. Mimba ikikua, mwanamke hupunguziwa chakula ili mtoto asinenepe akamtesa kutoka. Nyama marufuku, maziwa kidogo, uji mwepesi. Mwanamke aliyekuwa anamwaga damu, sisi tulimnyima kile kinacholeta damu. Sirad alimpenyezea vipande vya maini chini ya shuka kama mtu anayemlisha mfungwa.

Kila wiki alifika kijijini mhudumu wa zahanati kugawa dawa za malaria langoni. Sirad alimsubiri, akamweleza. Yule mtu akaweka chupa zake chini.

"Ilitoka nyekundu? Na hakuumwa?"

"Hakuumwa."

"Hiyo isiyouma mimba ikiwa kubwa ndiyo ya kuogopwa. Huenda kondo la nyuma limekaa chini, mlangoni, mbele ya mtoto. Imekatika leo, itarudi, na ikirudi itakuwa nyingi. Mpelekeni hospitali ya mjini alale huko mpaka azae. Na mkunga asimwingize mkono kumpima, mmesikia? Mkono ukiligusa lile kondo, mmemuua."

Sirad alikwenda moja kwa moja kwa Warfa, baba yake mdogo, adeer wa nyumba nzima. Warfa ndiye aliyekuwa mkubwa wa diya. Kwa asiyejua, diya kwetu ni hivi: mtu wa ukoo akiua mtu wa ukoo mwingine, halipi peke yake. Wanaume wote wa upande wake hutoa ngamia, huyu mmoja, yule nusu, wakalipa damu iliyomwagika. Na wao wakiuliwa mtu, hupokea pamoja. Warfa ndiye aliyewaita, aliyewapatanisha, aliyejua nani ametoa na nani anajificha. Vita vingapi vya visima alivizima! Mtu mwenye heshima, na aliistahili. Nalisema hilo wazi ili usije ukadhani hadithi hii ni ya shetani mmoja. Ingekuwa ya shetani mmoja ingekuwa rahisi.

"Mke wetu akalale kwenye kitanda cha serikali?" Warfa aliuliza. "Wiki ngapi? Serikali ipi? Hii hii yenye askari hawa wa langoni? Nani atamlinda huko?"

Hofu yake haikuwa ya bure. Tulikuwa tumeyaona mengi, na yaliyofanyiwa wanawake siku zile mengine hayaandikiki. Sirad alilijua hilo. Arbia, aliyekuwa amemfuata wifi yake polepole na kukaa kizingitini, ndiye aliyesema.

"Adeer, niulizeni mimi. Mwenye tumbo niko hapa. Mimi nataka kwenda."

"Tumekusikia, binti yangu," Warfa alisema kwa upole, kisha akamgeukia Mursal, aliyekuwa ameketi kando yake, wakazungumza habari za malisho.

Walimsikia. Kumsikia mtu ni kazi rahisi.

Damu ilirudi asubuhi moja, wanawake wakiwa kwenye foleni ya maji. Arbia hakupiga kelele. Alimshika Sirad bega tu, akasema, "Imekuja," na Sirad alipotazama chini, mchanga ulikuwa unainywa.

Nje ya lango lori la mchuuzi mmoja, Issack, lilikuwa linaunguruma, limebeba ngozi za kupeleka mjini. Sirad hakuomba ruhusa kwa adeer, wala kwa kaka, wala kwa afande. Alipita lango akikimbia, askari anapiga mluzi nyuma yake, akasimama katikati ya njia, mikono wazi.

"Toka, mama!" Issack alipiga kelele. "Nina safari!"

"Pita juu yangu basi! Pita uwaambie watu ulichokanyaga!"

Issack akazima injini, akaapa kwa majina yote ya Mungu, akashuka kufungua nyuma. Mursal alifika akihema, na safari hii hakutaja ngamia. Alimbeba mkewe kifuani kama mtoto mpaka langoni. Askari wa lango akasogea. "Ruhusa ya kutoka iko wapi?" Sirad akainua shuka la Arbia, akamwonyesha. Kijana yule aligeuza uso upande, akaufungua uzio mwenyewe, na Mursal akamlaza mkewe juu ya ngozi.

Lakini kizuizi cha njiani hakikuwa na kijana yule. Hapo waliteremshwa wote isipokuwa Arbia. Ngozi zikachomwa kwa ncha za bunduki, moja moja, kutafutwa silaha, na mwanamke amelala juu yake.

"Mnakwenda wapi?"

"Hosbitali," Sirad alisema.

Askari mmoja akamgeukia mwenzake, meno nje. "Wapi? Sema vizuri nikufungulie."

"Hosbitali! Hosbitali! Na nikirudi nitakwambia tena hosbitali! Wewe unatafuta bunduki, mimi natafuta mahali mtu asife. Kama hujanielewa, nusa mkono wangu huu, umejaa damu, utaelewa."

Kicheko kikamkatika. Hata hivyo waliwekwa juani mpaka mkubwa wao alipomaliza kunywa chai. Andika hilo mahali, kwa sababu sijasema wauaji walikuwa upande mmoja.

Mjini Garissa wanaume wa ukoo walikuwa wamejaa. Ajabu ya Mungu, hiyo ndiyo siku waliyopewa ruhusa ya kukutana kwa shauri la diya. Kijana wao alikuwa amemchoma kisu mtu kisimani, mtu akafa, na Warfa alikuwa ametangulia tangu alfajiri kuwakusanya walipaji. Waliposikia Arbia ameletwa, walikuja wote, vilemba vimenyooka, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali. Usiwadharau. Walikuja.

Daktari alimpima kwa kumtazama na kuligusa tumbo kwa nje tu, uso wake ukabadilika. Sista wa wodi akatoka kuzungumza na watu wake, na kwa kuwa wengi hawakujua Kiswahili, Sirad ndiye aliyefasiri, akisimama katikati, mgongo kwa mlango wa chumba alimolala wifi yake.

"Kondo limeziba njia," sista alisema. "Linapaswa kushika juu, mtoto atoke kwanza, lenyewe lifuate. Hili limeshika chini. Kila mlango wa uzazi ukijifungua kidogo, linachanika, na damu ya mama inamwagika. Hapo hapo ndipo mtoto anapopata pumzi na chakula chake, kwa hiyo na yeye anakufa taratibu. Hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Lazima apasuliwe sasa. Mume wake anakubali?"

"Nakubali," Mursal alisema kabla dada yake hajamaliza kufasiri.

"Na anahitaji damu. Mwilini mwake imebaki kidogo mno. Hapa hatuna akiba. Ndugu zake watoe."

Sirad hakufasiri hilo. Alikunja mkono wa gauni lake akauinua. Walimchoma kidole, wakalinganisha, damu yake ikakubaliana na ya Arbia, wakamlaza, wakajaza chupa. Alipotoka kichwa kikimzunguka, sista alimwambia, "Ni nzuri, lakini moja haitoshi. Wale wote wa nje ni ndugu?"

"Ndugu tena! Subiri uone."

Akatoka akawaeleza. Wanaume wakamtazama Warfa. Warfa alifikiri, na alifikiri kwa haki, kwa sheria aliyoijua maisha yake yote. Hapo ndipo palipo na uchungu wangu wote.

"Arbia ni wa nani?" aliuliza.

"Mke wa mwanao."

"Mke, ndiyo. Damu yake je? Leo Arbia akiua mtu, nani atalipa? Sisi? Hapana. Ndugu zake wa Sangailu. Akiuawa, nani atapokea? Ndugu zake. Mwanamke huolewa mwili, damu yake hubaki kwao. Tukimtia ya kwetu tumeingilia wajibu wa watu, tumewatukana kwamba hawapo. Aitwe kaka yake Guleid. Apelekewe mtu sasa hivi."

"Sangailu?" Sirad alisema. "Adeer, Sangailu? Barabara zimetegwa mabomu! Mtu atafika lini, arudi lini?"

"Atafika Mungu akipenda."

Sista, aliyeona nyuso akahisi maana, aliuliza wanasemaje. Sirad alimwambia. Yule mwanamke akashika kichwa. "Mwambie mzee damu haina ukoo. Ina aina yake tu. Yangu nimeipima siku nyingi, haikubaliani na yake, la sivyo ningempa mimi, na mimi hata dini yake si yangu."

"Kwao labda haina," Warfa alijibu alipofasiriwa. "Kwetu inayo."

"Haye," Sirad alisema, na sauti yake ikatulia, na waliomjua wakajua sasa ndiyo imekuwa hatari. "Na mtoto aliye tumboni ni wa nani?"

Warfa akarekebisha kilemba chake.

"Nauliza. Mtoto?"

"Mtoto ni wetu," Warfa alisema.

"Basi mtoto wenu ndiye anayenyonya damu ya watu wa Sangailu saa hii! Miezi yote hii amekuwa akinywa damu isiyo yenu na hamkumtuma mtu kuomba radhi! Mmekuja mjini kutoa ngamia kwa sababu mtu wenu amemwaga damu kisimani. Hapa inamwagika mbele ya macho yenu, bado ina joto, mnakaa kivulini! Ninyi ni watu wa kulipia maiti tu?"

"Naa, Sirad, nyamaza!" mmoja alifoka.

"Nyamaza wewe, una damu ya kutosha kupiga kelele!"

Mursal alikuwa amesimama. Alikuwa amelikunja shati mpaka juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa mrefu, mishipa imejitokeza kama kamba. Warfa hakumfokea. Alimtazama tu.

"Ukitoa," alisema, "na akifa, ndugu zake watasema tulimtia kitu. Itakuwa kesi. Itakuwa vita na Sangailu, ndani ya vita hivi tulivyo navyo. Ni shingo yako peke yako, au ni ya sisi sote?"

Mursal alibaki hivyo, mkono wazi. Kisha akaushusha, akalikunjua shati polepole, akakifunga kifungo.

Sirad aliingia ndani. Arbia alikuwa mweupe kama shuka alilofunikwa, lakini macho yalikuwa yake.

"Wamekubali?"

"Watakubali."

"Muongo wee." Alitabasamu kidogo. "Akiwa msichana, mpe ulimi wako."

Walimpasua wakiwa na chupa ile moja tu ya damu. Mtoto alitoka, msichana mdogo kama paka, wa bluu, mpaka wakamsugua na kumpulizia akalia. Damu ya mama ilikataa kusimama pale kondo lilipokuwa limejishika. Kabla adhana ya alasiri haijaisha Arbia alikuwa amekwenda, na wanaume wote wenye afya, kila mmoja na damu yake kamili ndani ya ngozi yake, wakasimama safu kumsalia.

Guleid alifika baadaye, vumbi mpaka kwenye kope. Walimpokea kwa heshima, wakachinja. Baraza likakaa. Warfa akasema vizuri, maana alijua kusema: mwanamke aliyekufa akizaa ni shahidi wa peponi, Mungu alimpa na Mungu amemtwaa, hakuna mkono wa mtu hapa. Vichwa vikainama kuitikia. Guleid akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Na Sirad akaingia katikati ya wanaume, mahali mwanamke hakanyagi, amembeba mtoto mgongoni.

"Guleid," alisema, "usifute macho bado. Mkono wa mtu ulikuwepo. Mikono mingi. Iliombwa, ikajificha ndani ya shati."

Akamweleza yote. Walimpigia kelele, mmoja akamshika nguo kumvuta, Guleid akasema, "Mwacheni." Wakamwacha amalize.

"Mimi nimekuja kulia," Guleid alisema, "sikuja kudai. Wewe ni binti wa watu hawa. Unaniambia nidai damu kwa baba zako?"

"Dai. Mimi ndiye shahidi wako."

"Unajua unachofanya?" Warfa alisema. "Mifugo jeshi limeimaliza. Hao ngamia waliobaki ni wa ndugu zako. Na wako wa urithi wamo."

"Anzeni na wangu."

Alitafutwa mtu wa kumwita mwongo. Ndipo Mursal aliposimama. Hakumtazama mtu. Alikunja shati, mkono ule ule, mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele ya baraza.

"Ulikuwa tayari hivi," alisema. "Nikaushusha. Anayosema dada yangu ni kweli."

Walibishana mpaka jua likapinduka. Haijawahi kutokea, walisema. Mke kuzaa akafa, tukalipa? Guleid akawajibu kwamba aliyemwona mtu anazama, kamba mkononi, akaificha kamba, kwao Sangailu wanamjua jina lake. Mwisho wakalipa. Lakini Guleid, kabla ya kupokea ngamia hata mmoja, alimgeukia Sirad.

"Wewe unataka nini?"

"Ngamia watakula majani, watakufa," Sirad alisema. "Kila anayelipa aende kwanza hospitali akapimwe, ajue damu yake inamfaa nani. Akiitwa, awe anajua njia."

Guleid akasema hilo ndilo sharti. Wakaenda, wamenuna kama watu wanaopelekwa kuhasiwa. Wa mwisho alikuwa Warfa. Sista alimwangalia akamwambia amezeeka mno, damu yake abaki nayo. Alikasirika mzee! Yule yule aliyekataa, akakasirika kukataliwa. Alirudi kijijini hasemi na mtu.

Kiangazi kilichofuata Muslimo, mke wa mtu mwingine kabisa, hata si wa ukoo ule, alitokwa na damu isiyouma. Sirad hakungoja irudi mara ya pili. Alipolifikia lango na mgonjwa, Warfa alikuwa hapo tayari, anagombana na askari kwa Kisomali kitupu juu ya ruhusa, mkongojo juu. Na hospitalini, kwenye benchi la nje, kabla hajaitwa, aliketi Mursal na mkono wa shati umekunjwa. Muslimo alirudi nyumbani na mtoto wa kiume, akamnyonyesha na binti wa Arbia pia. Binti yule alichelewa kutembea, kifua chake kilisumbua miaka mingi, kwa kuwa alitoka kabla ya wakati na damu kidogo. Jina lake Kaltun. Ulimi anao.

FUNZO

Damu ikimtoka mjamzito, hata tone, hata bila uchungu, hata ikikatika yenyewe, hiyo ni hatari na wala si bahati. Kondo linaweza kuwa limeziba njia, au linabanduka kabla ya wakati wake na kuleta maumivu makali na tumbo gumu kama ubao, au mtoto ameshatoka nalo limekataa kumfuata. Yote matatu huua mama, huua mtoto, na anayepona anaweza kubeba udhaifu maisha yake yote. Usisubiri irudi. Asiingizwe mkono wa mtu yeyote nje ya hospitali, na kondo lililokwama lisivutwe. Apelekwe siku hiyo hiyo, azalie mahali penye kisu cha daktari na damu ya akiba. Na mlisheni! Mpeni maini, mpeni maziwa, acheni mchezo wa kumkondesha mwanamke mnayemtarajia avuke mto.

Mkiwa na serikali, idaini barabara, gari na daktari, kwa sauti, kila siku, na msiombe radhi kwa matamshi yenu. Lakini usijifiche nyuma ya serikali. Wakati ule kizuizi cha askari kilifunguka. Kilichobaki kimefungwa kilikuwa kifungo cha shati.

Mwenye tumbo akisema nataka kwenda, ameshasema. Baraza limekwisha.

Sasa wewe. Umesoma mpaka hapa na bado umekaa. Yule uliyempita juzi kwenye ukuta bado yupo, nyumba unaijua. Inuka. Mwulize kama ameona damu, na uongee na mumewe leo, si Ijumaa. Kisha nenda ukapimwe, ujue ulichobeba kinamfaa nani. Usiniulize ni wa ukoo gani. Kunja shati. Twende.